Wifi Yenye Nguvu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mama mkwe karudi kutoka hospitali! Amewekewa kifaa chini ya mtulinga, kidogo kama kiberiti. Kazi yake kuukumbusha moyo kupiga, maana siku hizi unasahau. Siulaumu. Leo nimeunguza uji nikiwa nimesimama mbele ya sufuria.

Muuguzi alileta pia kisanduku cheupe cha kukaa kando ya kitanda. Akasema kifaa kitazungumza na kisanduku bila waya, kisha kisanduku kitazungumza na hospitali. Kikizungumza kila siku, Mama analala nyumbani. Kikinyamaza, anarudishwa wodini. Mama akaapa kwamba wodini harudi ng'o, kule alilazwa kama gunia la mkaa. Maelezo mengine sikuyasikia. Mtoto alikuwa analia. Hatukumbandika jina la Kengele kwa kumwonea.

Mama akampakata. Kimya! Akalala papo hapo! Mimi nimejaribu nyimbo, mgongo na vitisho. Basi nasema: Mama haondoki nyumba hii. Nampenda. Na nataka kulala.

Mchana nikasoma karatasi ya maelezo. Mungu wangu! Naandika kama ilivyo: "Taarifa za moyo wa mgonjwa zitafika hospitalini kwa kutumia wifi yako."

Wifi yangu! Dada wa mume wangu! Nifue mimi, nipike mimi, halafu habari za moyo apeleke yeye!

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeisoma tena karatasi. "Hakikisha una wifi yenye nguvu." Kwanza, hiyo "yenye"! Mtu mzima ana ngeli yake. Hata kama simpendi, ni wifi mwenye nguvu, si yenye, yeye si meza. Pili, nguvu anazo. Seremala aliyemcheleweshea kabati anaweza kushuhudia.

"Mgonjwa asilale mbali na wifi." Nikakaa chini. Tangu mwaka jana Wifi anataka Mama akaishi kwake. Kumbe amefika mpaka kwa wapiga chapa!

"Majirani wengi wakitumia wifi moja, itachoka na kuwa nzito."

Nikaikunja karatasi. Nikaikunjua. Nikaigeuza ili Kengele asione. Hospitali wanaandika mambo kama haya? Nikamuuliza mume wangu kama dada yake ana shida na majirani. Akasema hapana, wanampenda wote. Loo!

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kwa msusi, nikiwa nimesukwa nusu kichwa, redio ikasema mtu mwenye nia mbaya anaweza kukiingilia kifaa cha moyo kwa mbali, bila hata kumgusa mgonjwa. Msusi akaacha kusuka. Wanawake wote saluni tukashika vifua, hata wasio na kifaa.

Nikakimbia na nusu kichwa mpaka kwa mume wangu. Yeye ni fundi makufuli, nani mwingine ningemuuliza? Nikamwambia moyo wa mama yake hauna kitasa. Akafikiri. Akasema kufuli zuri si lile lisilofunguka kabisa. Nyumba ikiwaka moto, kufuli lisilofunguka ni kaburi. Kisha akauliza nywele zangu zimepatwa na nini. Wanaume!

Nimepata wazo mwenyewe. Karatasi ya bati, ile ya kufungia chakula. Nikamviringishia Mama kifuani akiwa amesinzia kitini. Alipoamka alikuwa anang'aa na kulia kwachakwacha kila akipumua.

"Mama Kengele, unanifunga mimi au samaki?"

Nikamweleza kuhusu watu wa mbali. Akaichana. Nikamkumbusha basi avae ile bangili ya hospitali, iliyoandikwa kwamba ni mgonjwa wa moyo. Akasema yeye si sanduku la vyombo, la kuandikwa "shika taratibu". Akitoka nje na ile bangili, hakuna atakayemuuliza bei ya nyanya tena. Watamuuliza anajisikiaje.

Nikanuna. Namlinda, ananikataza!

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Karatasi inasema: "Usimpe yeyote neno la siri la wifi yako." Yaani Wifi ana siri, na siri hiyo ndiyo inayoulinda moyo wa Mama! Lazima niijue. Kuilinda, si umbea.

Wifi kaja na machungwa. Nikamvuta jikoni. Nikamkazia macho, nikamwambia neno lake la siri nalijua, ni bora aseme mwenyewe. Akapauka. Chungwa likamdondoka.

"Wifi yangu, nani kakwambia?"

Nikasema moyo umeniambia. Akaangua kilio! Bwana Chaji, yule fundi simu wa pale kona, amemchumbia! Mwezi mzima sasa! Anaogopa kumwambia Mama, moyo usije ukastuka.

Mimi ndiye niliyestuka. Ikabidi nishike jiko, bahati nzuri lilikuwa limezimwa. Fundi simu! Kazi yake si ndiyo hiyo, kuingilia vitu vya watu? Adui ametoka redioni, anakuja kuwa shemeji!

Nilimpa maji anywe. Nilimfuta machozi pia. Mimi si mnyama.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Leo nimeshinda! Mama alipokwenda kuoga, nilichomoa kisanduku cheupe na kukificha ndani ya debe la unga, mfuniko juu, kabatini. Wifi hawezi kupeleka habari asizozipata. Ana taarifa gani sasa? Za unga.

Mama akauliza kisanduku kiko wapi. Nikasema kinapumzika. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nikamkabidhi mtoto haraka.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi simu ililia. Hospitali! Moyo wa Mama haujasema kitu tangu Ijumaa, hali yake ikoje? Mume wangu akakimbilia chumbani kiatu mguu mmoja. Mama alikuwa mzima kitandani, anamchezesha Kengele. Tukamkuta anaimba.

Muuguzi akaja na gari, na machela! Mama aliiona. Alimkumbatia mtoto tu, akautazama mlango.

Wifi akaingia naye anahema, Bwana Chaji nyuma yake. Muuguzi akasoma swali la fomu yake kama lilivyoandikwa, kwa ukali, "Wifi ya hapa iko wapi?"

"Mimi hapa!" nikasema.

"Mimi hapa!" akasema Wifi.

Wifi kwangu ni wifi, na mimi kwake ni wifi. Muuguzi akatutazama, huyu, yule, huyu. Nikaona hakuna njia. Nikaleta debe la unga. Nikaleta karatasi. Nikasema yote: wifi mwenye nguvu, wifi na majirani, siri ya wifi. Uchumba nao ukatoka, sikukusudia.

Bwana Chaji alikuwa wa kwanza kuelewa. Akajishika mbavu.

"Shemeji! Ni waifai! Mtandao! Kile kidude chenye masikio juu ya kabati!"

Waifai! Waifai naijua, ipo kwa msusi, nani asiyeijua? Mbona wameandika wifi? Nikasema kwa hasira kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na kwamba hospitali ndiyo yenye kosa. Muuguzi alikuwa amekaa juu ya machela, anafuta machozi ya kicheko. Wifi hakucheka. Aliuliza ni majirani gani hao.

Ndipo Mama akasema. Hakupandisha sauti, lakini kila mtu alinyamaza, hata Kengele.

"Moyo ni wa nani humu ndani?"

Tukasema ni wake.

"Basi mbona kila mtu ana funguo ila mimi? Mmoja ananifunga bati, mmoja ananificha siri ili nisistuke, hospitali nayo inanitaka nivae kibao mkononi. Nani kaniuliza?"

Kweli. Hakuna aliyemuuliza. Hata muuguzi alitazama viatu vyake.

Mama akapanga yeye. Hospitali isome moyo, sawa, kisanduku kirudi mahali pake. Bangili hapana, kadi yenye maneno hayohayo ataiweka ndani ya mkoba, akianguka njiani watu wafungue mkoba na madaktari wakifungue kifaa cha moyo, wasianze kuulizana siri. Mtandao wa nyumba Bwana Chaji aubadilishie neno la siri leo hii, kwani mkwe lazima aanze na kazi. (Wifi alilia tena, kwa furaha.) Akasema moyo uliozika mume na kuona wajukuu haustuki kwa posa.

Na neno la siri litunzwe na nani? Nikainamisha kichwa.

"Na Mama Kengele," akasema. "Amefanya ujinga wote, lakini ndiye aliyeogopa kuliko wote. Mwenye kuogopa ndiye anayefunga mlango."

Nikamwangukia mabegani. Machela ikarudi tupu. Muuguzi akaonya tu: neno likijulikana mtaani, kisanduku kitaanza kuchelewa, na kikinyamaza tena, safari hii harudi bila Mama.

Neno alilichagua Mama mwenyewe. Sitaliandika hapa, sina wazimu. Ni kile ambacho roho ikipenda hukila.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Wasiwasi mtupu: nikilisahau je? Nimechoka, nasahau hata kama nimekula. Nikapata akili. Nimelitungia wimbo wa kubembelezea. Nilimwimbia Kengele mchana kutwa, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Ajabu! Amelala mikononi mwangu! Mara ya kwanza! Nikaimba kwa nguvu zaidi, asije akaamka.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Hospitali wamepiga simu. Ujumbe wa moyo umefika, lakini umechelewa mno, kulikoni? Mama akaanza kukunja kanga zake, polepole, kama mtu anayefunga mzigo. Nilidhani moyo wangu ndio utahitaji betri.

Bwana Chaji akaja mbio, akatazama simu yake. Nusu ya mtaa imening'inia kwenye mtandao wetu! Msusi, muuza maziwa, seremala na wanafunzi wake! Wote wana neno la siri! Hapo uani watoto walikuwa wanaruka kamba wakiimba, "Lala mwana, lala, siri yetu nyama mbichi, nyama mbichi."

Wote wakanigeukia. Sikuelewa kwa nini. Mimi sikumwambia mtu hata mmoja!

Mama akanitazama, akatazama dirisha, akamtazama Kengele aliyelala. Akashusha pumzi. Akazirudisha kanga kabatini, akasema Bwana Chaji abadilishe tena, na safari hii neno ni refu zaidi, na bado ni la kutunzwa na mimi. Ananiamini, maskini. Sitamwangusha.

Aliyevujisha namjua. Ni Wifi. Simsemi kitu kwanza, naanza kumchunguza kesho.

Neno jipya ni gumu sana. Nashukuru lina vina. Kengele ameshaupenda wimbo wake.