Mwiko Nilioutunga Rabat

Jumatano, 3 Julai

Miaka mitano ya kusomea mambo ya maji hapa Rabat imekwisha. Cheti kimepigwa muhuri. Kadi ya ukaazi nimeirudisha. Godoro amelinunua kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuuliza lile doa ni la nini. Jokofu limekosa mteja, na mimi si mtu wa kumbembeleza mtu anunue jokofu.

Ndege yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mabegi mawili tu. Mpango: begi la kwanza, cherehani ya kudarizi ya dada Voahirana. Begi la pili, makubadhi ya ngozi ya kwenda kuuza Antananarivo, ambako mwezi huu watu wanatetemeka kwa baridi na watanunua chochote kinachoingia mguuni. Nguo zangu nitasafiri nimezivaa.

Cherehani haina mjadala. Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na sindano yake ndiyo iliyonisomesha. Anadarizi vitambaa vya meza kwenye karakana ya mama mmoja mwenye mdomo, anayemlipa kama anayetoa sadaka. Miaka yote hii ameniomba kitu kimoja. Alituma hela, nikaipata cherehani soko la mitumba la Salé, chuma kitupu, nzima. Ikifika, anaacha kazi ya watu na kufungua karakana yake mwenyewe. Na mtaa mzima utasema Njaka ndiye aliyeileta. Sehemu hiyo ya mwisho nimeifikiria sana.

Kikwazo ni Wamalagasi wenzangu. Kwetu anayerudi nyumbani hubeba vifurushi vya wote wanaobaki. Ukikataa, umejitafutia lawama, na lawama kwetu humwandama mtu mpaka kaburini. Leo peke yake nimeletewa chungu cha udongo chenye kifuniko, blanketi zito, na dumu la mafuta ya mzeituni. Wote wanasema ni kitu kidogo tu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimejificha chooni mara tatu. Wanabisha hodi mlangoni.

Fanilo, tunayelala naye chumba kimoja, anapokea kila kitu. Ametoka mtaa wetu, anarudi kwa ndege ile ile yangu, na mama yake husali kanisa letu. Mtu mwema. Sijawahi kumsamehe. Begi lake limejaa vya watu, naye anacheka tu. Nikamwuliza haoni kwamba wanamtumia. Akasema, kaka, si na sisi tulibebewa vitu na waliotutangulia? Nikarudi chooni.

Huko ndiko nilikopata wazo. Kwetu watu hubishana juu ya kila kitu isipokuwa mwiko. Mtu akikwambia kwao hawali kitunguu, huulizi sababu, unatoa kitunguu. Nimesoma na msichana ambaye hapokei yai mkononi mwa mtu, lazima uliweke chini kwanza aliokote. Hakuna aliyewahi kumcheka. Basi kwa nini ukoo wangu usiwe na wake?

Jumapili, 7 Julai

Ushindi!

Tulikuwa kwa Shangazi Bakoly. Si shangazi wa mtu yeyote. Ameolewa huku zamani, na kila mwanafunzi wa Kimalagasi hula kwake Jumapili na kupewa ushauri asiouomba. Kulikuwa na wali na kisamvu cha nyama ya ng'ombe. Watu walipoanza kuulizana nani atampa nani nini, nikaweka kijiko chini na kuinamisha kichwa. Nikasema kuna jambo nimelificha kwa aibu. Katika ukoo wetu ni mwiko kuvuka maji na mzigo wa mtu mwingine.

 Hata mume wa Shangazi, ambaye haelewi lugha yetu, aliacha kutafuna.

Kisha Shangazi akanishika bega. Akasema pole mwanangu, kumbe tulikuwa tunataka kukuua kwa chungu. Akawakaripia wengine kwa niaba ya wazee wangu. Jioni walikuja wenyewe kuchukua vifurushi vyao kitandani pangu, mmoja mmoja, wakiomba radhi. Mwenye dumu la mafuta alitokwa na machozi.

Vyote vimekwenda kwa Fanilo.

Jumanne, 9 Julai

Wema wa watu ni balaa.

Shangazi Bakoly amekuja na mizani ya bafuni, kuhakikisha hakuna kitu cha mtu kilichobaki kwangu kwa bahati mbaya. Akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kupekua. Akatoa makubadhi. Akauliza haya ni ya nani. Nikasema zawadi za nyumbani. Akashtuka: kitu ulichokwisha kukusudia kumpa mtu, mbele ya wazee si tayari ni cha mtu huyo? Ikabidi niseme nimekosea kusema, ni yangu. Yote? Yote. Ya kuvaa mwenyewe? Ya kuvaa mwenyewe. Akanitazama miguu kwa muda, halafu akayarudisha begini kwa heshima.

Kisha akafika kwenye cherehani.

Nilikuwa na jibu tayari. Lakini Fanilo, aliyekuwa anakunja mashati yake kule pembeni bila kuombwa neno, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, hiyo si ya dada Voahirana? Si alinipigia hata mimi, nikusaidie kuichagua?"

Nikasema nimemnunulia mimi. Fanilo akasema hapana, wewe siku ile hukuwa hata na nauli ya tramu. Akaona uso wangu, akanyamaza, amechelewa. Ndivyo watu wema wanavyoua.

Shangazi amesema jambo hili ni zito, litamalizwa na mkubwa wa ukoo. Atampigia simu Mjomba Razaka.

Alhamisi, 11 Julai

Sijawahi kutoka jasho jikoni kwa mtu namna hii.

Simu iliwekwa mezani kwa Shangazi, sauti juu, nusu ya Wamalagasi wa Rabat wamesimama kuizunguka. Shangazi akamweleza mjomba yote: mwiko, vifurushi, makubadhi, jinsi vijana wote walivyoniheshimu. Mimi nilikuwa nimeshapanga uso wa kuumbuliwa. Mjomba ni mzee wa kanisa. Hajawahi kusema uongo hata juu ya umri wake.

 Akauliza hapo wapo watu wangapi. Shangazi akasema wengi. Akakohoa.

Halafu akasema ni kweli.

Akasema baba yake babu, upande wa mama yangu, alikuwa mbeba kiti enzi za wakoloni. Aliwabeba vigogo mabegani, akavuka nao mito maji yakiwa kifuani, mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Siku ya kufa kwake akaapa kwamba kizazi chake kisivuke tena maji na mzigo wa mtu. Mjomba akasema, vijana wa siku hizi wameusahau, ila huyu mpwa wangu ameukumbuka. Watu wote jikoni wakanitazama kama mchungaji.  Nilitunga kitu chooni, kumbe kilikuwepo!

Kisha dada akachukua simu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, cherehani nitaileta mwenyewe, mwiko nao una nafasi yake.

Akauliza: "Njaka, hela ilikuwa ya nani?"

Nikasema yako, dada.

"Basi ni mzigo wa mtu," akasema. Sauti ilikuwa chini sana. "Mpe Fanilo." Akakata.

Sikujua dada yangu anaamini mambo ya kale kiasi hicho. Nimemwuliza Shangazi kama mwiko huwa haufunguliwi kwa chupa ya pombe kali. Akasema hufunguliwa, ila na mkubwa wa ukoo mwenyewe, kaburini kwa wazee, mbele ya ndugu. Kutoka Rabat haiwezekani.

Fanilo ametoa vitabu vyake vyote na blanketi alilomnunulia mama yake, ili cherehani ipate nafasi. Nilimwambia asijisumbue. Akasema hakuna shida, mama amezoea baridi. Najua anachofanya. Anajenga jina.

Jumamosi, 13 Julai

Uwanja wa ndege. Begi langu la kwanza lilibaki tupu, nikalitia makubadhi mengine. Niliyapata kwa bei ya kutupa kwa kubadilishana na jokofu.

Kwenye mizani begi la Fanilo lilizidi. Chuma ni chuma. Akalifungua mbele ya foleni nzima, akaanza kuvaa mashati moja juu ya jingine mpaka mikono ikawa haikunjiki. Bado likazidi. Akainua viatu vyake vya kanisani, akanigeukia, akasema kaka, naona begi lako lina nafasi pale juu, hebu... Halafu akajipiga mdomo. Akaomba radhi mara mbili kwa kunisahau mimi na wazee wangu. Akaviacha viatu kwenye benchi, vimepangwa vizuri, kama vya mtu aliyeingia msikitini.

Nafasi kweli ilikuwepo. Nikatazama pembeni. Mtu huwezi kuvunja mwiko kila unapoona huruma.

Jumatatu, 15 Julai

Nyumbani. Baridi ya kukata masikio. Hakuna aliyeniambia nimependeza.

Jana pale Ivato, uwanja wa ndege, walikuja wote. Mjomba amevaa kofia yake na blanketi jeupe begani, dada amevaa gauni la kanisani. Nilipanua mikono. Dada alinikumbatia vizuri, siwezi kulalamika. Lakini Fanilo alipoinama, amevimba kwa mashati, akatoa cherehani na kuiweka miguuni pake kwa mikono miwili, dada alikaa chini pale pale sakafuni akaigusa. Akalia. Watu wakapiga makofi. Mjomba akatoa hotuba, na mjomba hotuba zake hazina breki. Akawaomba radhi wakubwa kwa kusema mbele yao, akashukuru barabara, akashukuru rubani, akafika kwa Fanilo: mwana wa jirani aliyebeba kile ambacho mtoto wetu hakuweza. Kila mtu akageuka kumtazama mtoto wao ambaye hakuweza. Alikuwa na mabegi mawili ya makubadhi.

Jioni nilitaka kurekebisha hali. Nikamtolea mjomba jozi nzuri kuliko zote, ya njano. Akarudisha mkono nyuma. Akasema, bila kucheka, vitu hivi vilivuka maji vikiwa vyako, mpwa wangu. Umesema hivyo mbele ya mashahidi. Ukimpa mtu, au ukimuuzia, umembebea. Vaa tu.

Mtaa mzima umeshasikia. Leo nimepita sokoni kwa siri, wauzaji wote wananipa pole na hakuna anayegusa hata kisigino.

Jumapili, 21 Julai

Leo dada amefungua karakana. Chumba kimoja, dirisha moja, jina lake mlangoni. Nimefika nimevaa makubadhi mekundu. Fanilo alikuwepo tangu asubuhi akipanga meza, amevaa ndala. Mama yake Fanilo alikohoa muda wote wa maombi, na watu walinitazama mimi kana kwamba kikohozi nimekileta mimi.

Baada ya wageni kula, dada aliniita uani. Nilidhani atanishukuru kwa kuchagua cherehani nzuri.

Akasema: "Baba yake babu alikuwa mchinja ng'ombe, Njaka. Hakuwahi kubeba kiti cha mtu yeyote."

Nikamwambia lakini mjomba mwenyewe alisema.

"Mjomba alikusitiri. Usiitwe mwongo mbele ya watu, ugenini. Mzee wa watu amewasingizia wafu kwa ajili yako, na tangu siku ile halali usingizi. Kesho alfajiri anapanda kaburini na jogoo kuwaomba radhi."

 Nikasema yale makubadhi ya njano yangemtosha mjomba.

Hakucheka. Alisema hakuwa na shida na cherehani kuja kwa mkono wa Fanilo, chuma ni kile kile. Ila usiku wa kudarizi vitambaa vya watu, alipokuwa anachoka, alikuwa anaiona inaingia mlangoni na mimi ndiye nimeishika. "Nilitaka uilete wewe, basi." Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa, akaniomba jambo moja tu: kesho nimsindikize mjomba, nimbebee yule jogoo, maana kilima ni kirefu na miguu yake imechoka.

Maneno hayo yameniingia sana. Nimekaa uani peke yangu nikayatafakari yote kwa haki, bila kujipendelea. Naona kosa langu lilikuwa wapi. Nilitumia ukoo wa upande wa mama, ambao mjomba anaujua wote mpaka mizizi. Na mwiko wenyewe ulikuwa mpana mno. Mwiko mzuri ni mwembamba.

Alfajiri ya Julai kule juu kuna umande wa barafu, na makubadhi hayana soksi.

Nimeingia ndani nikamwambia dada kwa masikitiko kwamba upande wa baba, wanaume hatugusi jogoo aliye hai.  Halafu akatoka nje kumwita Fanilo.

Sawa. Mwenyewe anapenda kubeba.