Kitundu Kidogo Kwenye Tuta

Jumatatu, tarehe 6
Bosi amekufa. Kaanguka bafuni, sabuni mkononi. Siamini! Jana tu alinitukana, tena kwa nguvu zote.
Miaka kumi na moja nalinda bwawa lake. Nafyeka tuta linaloshika maji, nafukia mashimo ya panya. Kibanda ninacholala ni chake. Sasa mimi nani?

Jumatano, tarehe 8
Tumezika. Kifimbo, mchunga ng'ombe wa bosi, kalia kuliko mama bosi, mjane mwenyewe. Mnafiki! Machozi hayajakauka, namsikia anamwambia mama bosi kwamba bwawa la udongo halihitaji mlinzi, yeye akinywesha ng'ombe atalitupia jicho. Mama kasema atafikiri. Atafikiri! Nikapaliwa na chai.

Alhamisi, tarehe 9
Nimepata akili. Tuta likivuja, nikaziba mimi, mama ataniona wa maana. Nimetoboa kwa mtaimbo pale tuta lilipo jembamba. Kitundu cha kuingia kidole tu. Maji yanatoka kama bombani. Safi! Kesho napiga kelele, naziba.
Marehemu mke wangu angekuwepo angeninyang'anya mtaimbo. Hayupo.

Ijumaa, tarehe 10
Mungu wangu! Kitundu kimekuwa kipana kama ndoo! Nimetia matope, yakaenda. Gunia, likaenda. Shati, likaenda. Nikakaa mwenyewe. Makalio yakaenea.
Mama kaja mbio. Kauliza, baba, mbona umekaa kwenye maji. Nikasema nalinda. Kifimbo kacheka hadi kashika mti. Kauliza, babu, unaatamia? Nikamwambia afunge domo, atoe ng'ombe bondeni haraka. Kanitii! Haijawahi kutokea.
Ng'ombe wa mwisho kapanda, tuta likanitema. Mimi, udongo, samaki, wote bondeni. Nimekuja kunasa kwenye ua wa zizi, sina suruali. Nikageuka kutazama bwawa. Hakuna bwawa!

Jumapili, tarehe 12
Sijafukuzwa! Mama kasema, sijaona mtu wa kuziba tuta la mume wangu kwa mwili wake, na ng'ombe kumi na wanne wamepona. Akalia. Nikaona aibu. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Akanipa buti za mpira za bosi. Nikaufunga.
Tuta linajengwa upya. Msimamizi mimi. Kifimbo atabeba udongo kwa karai, kichwani.
Ila nimewaza. Tuta likiwa imara, mlinzi wa nini? Nitaacha kitundu. Kidogo tu, safari hii chini zaidi. Mtaimbo nimeshauokota. Buti zinabana.
Kesho narudi kazini.