Medali za Komanda Ntambwe na Shamba la Mama Mushiya

Ekselansi wote mliopo na wale ambao protokoli imewasahau, waheshimiwa wakuu wa mitaa ya Manika, tata zetu bapasta, mama zetu wa soko, ba-creuseur wetu mlioacha mashimo ya kobalti kwa saa moja ya uzalendo, mimi, Edouard Numbi, Mkurugenzi wa Muda wa Ofisi ya Ulinzi wa Anga kwa mwaka wa saba mfululizo, nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na wasio na cheo nawasalimu pia. (Makofi. Wanaopiga ni wale waliogawiwa kitambaa cha kikwembe cha bure chenye picha ya ndege ya kivita.)

Tumekusanyika kwenye uwanja huu, uliokuwa zamani shamba la muhogo la Mama Mushiya na ambao, katika dinamiki ya maendeleo, umepandishwa cheo kuwa njia ya kurukia ndege, ili kumvika medali rubani wetu wa ndege ya kivita, Komanda François Ntambwe, mutoto wa Kolwezi, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba chini, naye mjukuu, kwa usimamizi wangu mwenyewe, akateuliwa kupaa juu. Amesomea nadharia ya kuruka, kisha nadharia ya juu, kisha semina ya nadharia hiyo hiyo kule Lubudi, alikokwenda kwa treni na kurudi salama. Karibu nilie kwa fahari. (Vigelegele. Komanda amefika kwa taxi-moto, na helmeti aliyoshika ni ya mwenye pikipiki.)

Takwimu hazidanganyi. Ajali za Komanda tangu ateuliwe: sifuri. Matairi yaliyopasuka: sifuri. Hiyo ni Medali ya Usalama. Mafuta hajapoteza hata tone, jambo ambalo ba-expert wa kigeni walipolisikia walinyamaza kabisa, na hapo tunampa Medali ya Uchumi. Kisha ile kubwa, ya shaba ya kwetu, Medali ya Siri: adui hajawahi kuiona ndege yake, majirani hawajaiona, hata mimi mkuu wake sijaiona, na hiyo ndiyo strategia. (Kicheko nyuma. Komanda anatazama viatu vyake.)

(Mama Mushiya anasimama, jembe begani. "Tata, mvula ishaanza. Mi naomba kujua tu: shamba yangu mutanirudishia lini?")

Mama, mimi si mtu wa kukimbia swali. Natamka mbele ya bapasta hawa, nao wawe mashahidi: ndege ya taifa haiwezi kugawana udongo na muhogo, lakini siku ambayo ndege haitakuwa juu ya shamba lako, saa ile ile, bila karatasi, bila kupita ofisini kwangu, shika jembe ulime. Nimesema, na nikisema nimesema. (Bapasta wanaitikia amina. Komanda anainua kichwa kwa mara ya kwanza.)

Nikihitimisha: anga ya Lualaba, juu! (Juu!) Shaba yetu, juu! (Juu!) Ofisi yangu, juu! (Kikohozi.) Namshukuru Komanda kwa kungoja miaka saba bila kunung'unika, na zaidi namshukuru Mama Laurentine aliyetuchorea kikwembe, maana bila yeye hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, ambaye angejua ndege hii inafananaje, kwa kuwa mpaka ninaposema hapa haijaagizwa. Asanteni sana.

(Hakuna makofi. Watu wanageuka kuutazama uwanja, ambako hakuna kilichosimama isipokuwa majani. Mama Mushiya amekwisha kujifunga kikwembe kiunoni na anapiga tuta la kwanza, na bapasta wanampisha. Mkurugenzi anatafuta ukurasa mwingine wa hotuba na hauoni. Komanda Ntambwe anavua koti lenye medali tatu, analitundika kwenye kipaza sauti, anakunja mikono ya shati na kumfuata. "Mama," anasema, "jembe ingine iko?")