Diwani Entwistle Akabidhi Gari la Waigizaji wa Skelby

Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa dhahabu; Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye mkufu wake bado uko kwa fundi; Mchungaji wetu, mwenye ukumbi huu; Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Chai na Biskuti; mama yangu mzazi, uliyekaa mstari wa mbele; na ninyi wengine wote ambao itifaki ingewafikia kama muda ungeruhusu: habari za jioni! (Makofi ya mama yake.)

Mimi, Clive Entwistle, Diwani wenu na Mwenyekiti wa Kamati ya Utamaduni, Maegesho na Makaburi, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao watu wengi wameusifu, kuwaenzi Waigizaji wa Skelby, kikundi ambacho tangu mwaka 1971, Bi Maureen Hargreaves na marehemu mumewe walipotoa makreti kwenye gari la maziwa wakapakia mapazia, kimezunguka vijiji vyetu mvua ikinyesha na mvua ikizidi kunyesha (kicheko), watu sita wakicheza nafasi ishirini na mbili, mfalme akishauawa anavua taji, anakwenda kuuza aiskrimu wakati wa mapumziko, kisha anarudi jukwaani akiwa mjane wake mwenyewe. (Makofi marefu. Sauti: "Na aiskrimu yenyewe imeshayeyuka!")

Mnajua gari lile lilikufa mlimani mwezi Novemba. Bi Maureen alikuja ofisini kwangu kwa miguu, amelowa chapachapa, akaniambia, "Clive, mwanangu, bila gari hatuna kikundi. Nimewaahidi watu wa Thornby onyesho la Machi, na hawana jingine mwaka mzima." Nilisikitika. Nilisikitika kwa kufuata taratibu zote: niliunda jopo, jopo likaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikafanya upembuzi yakinifu na kuwashirikisha wadau, kikabaini, kwa asilimia mia moja na nne, kwamba kikundi cha kuzunguka kinahitaji kitu cha kuzungukia. (Sauti: "Onyesho ni kesho! Gari liko wapi?")

Liko nyuma yangu! Pazia! (Pazia linafunguka. Gari jekundu, jipya, linang'aa. Watu wote wanasimama. Mama yake analia.) Tazameni taa zile! Tazameni milango miwili ya nyuma, mipana, ya kupitishia kiti cha enzi bila kukikata miguu! Nani mwingine angewafanyia haya? Mheshimiwa Meya, nakuomba usiliegemee.

(Sauti: "Piga honi, Clive!") Honi, ndugu yangu, imo katika awamu ya pili ya mkakati, pamoja na injini. (Minong'ono.)

Skelby! ("Mbele!") Sanaa! ("Izunguke!") Magurudumu! (Kimya.)

Nahitimisha kwa kumshukuru kwa dhati Bi Maureen mwenyewe, ambaye tulipomwomba achore gari analolitaka, kwa ukubwa wake kamili, ili kiwanda kisikosee, alipiga magoti siku nne juu ya mashuka yaliyoshonwa pamoja, akalichora kwa ustadi uliotuondolea kabisa haja ya kiwanda, hata mkaguzi wetu jana alihangaika na mlango mpaka akakata tamaa. Asanteni sana!

(Bi Maureen anapanda jukwaani, analishusha gari, anaanza kulikunja. "Shika ncha hiyo, Clive. Thornby ni maili tisa, na unatembea nasi.")