Mchimbaji Anayetoka Maziwa

Rwamgasa, Geita
Mei 1984

Ndugu Daktari Pantaleo,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kifua changu, ambacho ndicho kilichonishikisha kalamu.

1. Utakumbuka nililetwa kwako kwa sababu nilikuwa nasikia dhahabu ikiniita kwa jina. Ulinipa vidonge vya kutuliza kichwa, dhahabu ikanyamaza. Hapo sina neno.

2. Lakini kila nikirudia kumeza, matiti yanajaa. Mwanzoni yaliwasha tu. Siku hizi shati linalowa nikiwa naongea na watu wa heshima zao. Ulinieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa amri ya maziwa, na ubongo huifunga kama tunavyofunga ndama asinyonye. Vidonge vyako vimekata kamba. Sawa, nimeelewa. Lakini Daktari, ndama amezoea, na wewe unaniongezea vidonge!

3. Mzee Bujiku, mwenye duara, yaani shimo ninamochimba dhahabu, amenifukuza. Mwiko wa hapa unajulikana: mama anayenyonyesha hasogelei shimo, dhahabu hukimbia. Nikamwonyesha ndevu zangu. Akauliza kama ndevu huzuia maziwa. Wenzangu wakaona ameuliza la maana, na mimi nikapelekwa kukaa na akina mama wanaopika uji. Nimeumia sana, maana kazi ninayoijua ni hiyo moja.

4. Basi, kama mimi ni mama, nipewe haki za mama. Nilikwenda kliniki kudai kadi na likizo ya uzazi. Nesi Justa akataka kumwona mtoto. Nikampeleka binti yangu Limi, ambaye yuko darasa la tatu. Limi hajanisemesha tangu siku hiyo. Jirani yetu Apolonia, aliyejifungua mapacha, ndiye pekee anayeniheshimu, ila namna anavyonitazama kifuani inanitia hofu.

Kwa hiyo naomba uchague: uifunge upya hiyo tezi, au umwandikie Mzee Bujiku kwa muhuri wa serikali kwamba mimi ni mwanamume na dhahabu haina sababu ya kunikimbia. Kuonyesha msimamo wangu, vidonge nimeviacha tangu wiki iliyopita, na kichwa kiko sawa kabisa.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani aliyekuwa akinigawia karanga. Mama Limi naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu,
Nkwabi, Baba Limi

Nyongeza: Dhahabu imeisoma barua hii na kuisifu sana. Inasema nisibadili hata neno. Iko chini ya kitanda cha Limi, na nimekwisha kuchimba hadi magotini. Mama Limi amelificha sururu na kumpeleka mtoto kwa Apolonia, kwa kuwa ananiogopa. Daktari, mpe vidonge huyu aliyeleta barua, leo hii. Maziwa nitayavumilia.