Nilivyompambia Mbunge Nyumba ya Bibi

Po! po! po! po! po!

Mnaijua hiyo? Hizo ni meza za bungeni, waheshimiwa wanazigonga kwa viganja wakifurahi. Hapa ninapoandika bado zinanigonga masikioni. Leo zimegongwa kwa sababu yangu mimi, na si kwa jambo la maana. Jamani, leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa gauni langu zuri.

Ngoja nieleze vizuri, maana wengine mmeshaanza kuniuliza kulikoni.

Bibi yangu aliyenilea anakaa huku Mkuyuni. Nyumba ya udongo, analala kwenye jamvi. Paa ni la bati (bati lenyewe ukilala chali unaona nyota). Alikuwa kwenye ule mpango wa kusaidia kaya maskini, wakamtoa. Sababu? Ana bati. Tangu hapo anakula akipata, asipopata anasema leo hana hamu. Mimi niko mjini, najifunza kupamba kumbi za harusi kwa mama mmoja karibu na stendi ya Msamvu. Ndoto yangu mnaijua: siku moja nipambe ukumbi mpaka bibi harusi asahau kumtazama bwana harusi. Ila kwa sasa ninachoweza kutuma nyumbani ni sukari na salamu. Salamu ndizo nyingi.

Sasa kuna mbunge mmoja wa viti maalumu, wa upinzani. Jina nalihifadhi, nimeshamharibia vya kutosha. Yule mama akisimama bungeni hana habari za nani kamtukana nani. Yeye ni dawa za wazee, maji, wajane, watoto wanaokwenda shule na njaa. Aliomba watu wamwandikie shida za wazee wao, nami nikamwandikia za bibi. Niliandika huku nalia (kioo cha simu yangu kina ufa, chozi likaingia, simu ikazima).

Wiki iliyopita akaisema bungeni. Upande wa pili wakapiga kelele: "Anatunga huyo! Alete ushahidi!" Spika akamwambia alete uthibitisho, la sivyo afute kauli. Naibu waziri naye akasimama, akasema ukipatikana uthibitisho, watu watatumwa kupita upya kijiji kwa kijiji kuwaangalia wazee wote walioondolewa.

Mmesikia hapo? Wazee wote. Si bibi yangu peke yake.

Jana Mheshimiwa akanipigia mwenyewe. "Mdogo wangu, kesho asubuhi napita kwa bibi. Nirekodi hali ilivyo, halafu nikimbilie Dodoma. Jioni nasimama."

"Karibu sana Mheshimiwa! Karibu mno!"

Nikakata simu, nikabeba begi la vitambaa vya kazini, nikaja Mkuyuni. (Hapa ndipo mlitakiwa mnishike mkono.)

Leo kumekucha, bibi ananiuliza, "Mgeni mwenyewe mkubwa?"

"Mbunge, bibi."

"Mbunge! Atakaa wapi?"

Tukatazamana. Tukalitazama jamvi. Wote wawili tukatoka nje kwenda kwa jirani, Mama Chausiku.

Niwaambie kuhusu kochi la Mama Chausiku. Ni kochi jekundu la watu watatu, na hapa kwetu lina heshima kuliko mtendaji wa kijiji. Posa zote za mtaa huu limehudhuria. Mapadri limewapokea, masheikh limewapokea. Ukipita nyumba yoyote ukaliona ndani, huulizi, unajua leo hawa wana mgeni. Kila mtu hapa analijua hilo. Kwa hiyo akilini mwangu, na Mheshimiwa analijua. Kochi la mgeni ni la mgeni, si la mwenye nyumba! Nani asiyejua?

"Mbunge atakalia kochi langu?" Mama Chausiku akashika kiuno. "Libebeni! Na kapeti bebeni. Na hivyo vikombe vya maua, msinivunjie tu."

Habari ikasambaa. Jirani wa juu akaleta meza ya kioo. Wa bondeni akaleta jogoo, akasema mbunge hawezi kula mlenda kijiji kikiwa hai. Mwingine akaleta redio kubwa, haina hata waya, ikae tu ionekane. Mimi nikafungua begi. Vitambaa vyeupe ukutani, udongo wote ukapotea. Riboni za dhahabu mlangoni. Matundu ya bati nikayafunika kwa kitambaa kilichokunjwa mikunjo kama wingu. Jamvi la bibi nikalikunja nikalisukumia nyuma ya jiko.

Nikarudi mlangoni nikaangalia. Wallahi, palipendeza. Nikajipongeza kimoyomoyo (kichwa changu, kikianza kujisifu, huwa hakisikii kitu kingine).

Gari likafika. Mheshimiwa akashuka na dada wa kumrekodi. Majirani wamejaa mlangoni, vigelegele. Akamwinamia bibi, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, karibu ukae."

Akakaa kwenye kochi. Akazama. (Spring zake zimechoka, ila ukizama unajisikia tajiri.) Akaangalia juu, akaangalia ukutani, akaangalia kapeti. Dada wa kurekodi akaangalia simu yake, akamwangalia Mheshimiwa.

"Mama," akaanza kwa upole, "habari za maisha?"

"Nzuri tu mwanangu."

"Hali ikoje hapa nyumbani?"

"Salama. Tunamshukuru Mungu."

"Chakula?"

"Kipo! Si unasikia harufu? Hutoki hapa hujala."

"Mna shida gani, mama? Niambie bila kuogopa."

Bibi akacheka, akampigapiga mkono. "Shida hakuna, mwanangu. Labda zenu huko."

Jamani! Mnamjua bibi mzee wa hapa ambaye mgeni anamuuliza habari, hata vumbi la njiani mgeni hajalifuta, aanze kumlilia njaa? Hayupo. Shida zinasemwa mkishakula, mgeni ameshika mlango, tena kwa kunong'ona. Mimi nalijua hilo. Nilitakiwa niseme mimi. Ndiyo kazi yangu, ndiyo maana nilikuwepo.

Mheshimiwa akapapasa mkono wa kochi. "Hili ni lako, mama?"

Bibi akaangalia majirani mlangoni. "Letu, mwanangu."

Na hakudanganya! Kwa bibi, kochi ni letu. Majirani wote wakaitikia kwa kichwa, ni letu kweli.

Nikaona sasa ndiyo nafasi, ngoja niseme. Nikavuta pumzi. Mheshimiwa akanigeukia, macho kwenye lile wingu langu la darini.

"Pazuri sana hapa. Nani amepamba?"

"MIMI!"

Nilipayuka, majirani wakashtuka. "Mimi Mheshimiwa! Napamba harusi, kipaimara, maulidi, hata mkutano wa chama naweza! Na bei tunaelewana!"

Nikamwandikia namba yangu, wakati anayo.

Alikula mapaja ya jogoo taratibu, akashukuru, akamwachia bibi khanga. Alipofika kwenye gari akanishika bega. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Nashukuru Mungu hali ya bibi imebadilika, mdogo wangu."

Nikafungua mdomo kumwambia. Maneno yakaja yote, yakafika kwenye ulimi. Kilichotoka ni hiki: "Karibu tena!"

Gari likateremka. Vumbi halijatulia, kochi likabebwa. Kapeti likaenda, meza ikaenda, vikombe vikahesabiwa. Mimi bado nimesimama njiani napunga mkono.

Jioni tukakusanyika uani kwa Mama Chausiku kusikiliza bunge redioni. Watu wamekaa kwenye kochi lenyewe, limetolewa nje. Bibi alibaki kwake anaswali. Nilikuwa na matumaini bado, mimi huwa sikosi matumaini. Nikasema atajua tu jinsi ya kusema, mtu mzima yule.

Sauti yake ikatoka. Ile ile ya upole.

"Mheshimiwa Spika, asubuhi ya leo nimefika kwa bibi niliyemtaja. Nimekaribishwa kwenye kochi kubwa, nimekula wali kwa kuku, na mwenyewe amenieleza kuwa hana shida. Mimi siwezi kulidanganya bunge hili. Nafuta kauli yangu."

Vicheko. Halafu meza. Po! po! po! po! po! Mtu mmoja akapaza sauti, "Na sisi tupelekwe tukale kuku!" Po! po! po! tena. Naibu waziri akasimama, akashukuru, akasema suala limefungwa.

Mama Chausiku akalitazama kochi lake kwa muda.

"Kumbe limefika bungeni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa jogoo akanigeukia. "Sasa wewe binti si ungemwambia?"

"Na nyie je? Mlikuwa mmejaa mlangoni!"

"Sisi tuliona mnaelewana. Wewe ulikuwa unampa bei za harusi!"

Ikaniingia hapo. Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, naye alitolewa kwenye mpango kama bibi yangu. Alikuwa ametembea tangu mchana aje kusikia jina la wazee likitajwa. Hakunisema. Alijifunga khanga vizuri, akaomba maji ya kunywa, akashika njia. Nilimpelekea maji mimi mwenyewe, nikashindwa kumtazama usoni.

Nikarudi kwa bibi. Amemaliza kuswali, amekaa, khanga mpya iko mapajani.

"Mgeni wetu kasemaje huko?"

"Amesema ulimpokea vizuri, bibi."

"Umeona!" Akafurahi mpaka akafunika mdomo. "Watu wa Mkuyuni tutakufa na shida zetu, lakini mgeni hatumtii aibu."

Nilikwenda nje nikijifanya natafuta kuni.

Kwa hiyo ndugu zangu, naomba msinicheke, au mkicheka chekeni huko huko kwenu. Nimejifunza kwamba mtu akija kuangalia tundu, usimshonee pazia.

Nilipokuwa nje nilimrekodia Mheshimiwa ujumbe wa sauti. Nilisema, "Shikamoo. Kochi si la bibi. Kuku si wa bibi. Kochi tuliazima kwa heshima yako, na nilitakiwa kukwambia, badala yake nikakwambia habari za riboni. Bibi hajala leo tangu wewe uondoke, na yupo mwingine ng'ambo ya mto. Kama kuna adhabu ya kudanganya bunge, niandike mimi. Ila rudi. Safari hii utakaa chini." Nikabonyeza kutuma. Mtandao wa huku ukikutana na mlima unazunguka tu. Nikapanda juu ya jiwe, nikainua simu juu ya kichwa kwa mkono wote, nikakaa hivyo hivyo kama mwanafunzi anayeomba kuuliza swali, peke yangu, mpaka zile tiki zikawa mbili.