Uso wa Luteni Dowse

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Itangazwe rasmi kwamba kuanzia asubuhi ya leo meza ya jikoni imetwaliwa kwa shughuli za utafiti. Chakula kitaliwa magotini hadi itakapotangazwa vinginevyo. Avis, mke wangu, amelipokea tangazo hilo kwa kutua sufuria ya viazi juu ya nyaraka zangu.

Sababu ya utafiti: kikombe. Chama chetu cha wakusanyaji medali kinafanya onyesho la mwaka Jumamosi ya tarehe 22, ukumbi wa kanisa. Kila mwaka kikombe anakibeba Bi Muriel Scrimshaw, mstaafu wa posta, kwa sababu moja tu. Medali zake zina sura, yaani picha za wenyewe. Mwaka jana alileta rubani akiwa mtoto juu ya farasi, rubani siku ya harusi, rubani hospitalini mguu umening'inizwa. Majaji walitoa vitambaa vya kufutia machozi. Mimi nilileta vifungo vya koti.

Safari hii ninazo medali mbili za Luteni Ambrose Dowse, mtazamaji wa ndege za kivita, yule akaaye kiti cha nyuma na bunduki. Aliangushwa Ufaransa, Machi 1918, akafa. Jina lake limechongwa ukingoni mwa kila medali. Nilizipata kwenye mnada wa hisani, ndani ya kopo la biskuti. Nina kila kitu chake isipokuwa uso.

Nimepeleka tangazo gazetini: mtafiti mwenye moyo wa huruma anaomba picha ya shujaa huyu. Avis akauliza huyo mwenye huruma ni nani, tunamfahamu?

Ijumaa, 7 Oktoba

Jibu limekuja. Si picha. Ni binti yake.

Bi Edith Cawkwell, miaka sabini. Kaja kwa basi, na keki kwenye kikapu. Alizaliwa baba yake akiwa tayari ameanguka. Hajapata kumwona, hata kwenye picha. Mama aliolewa tena, wakahama huku na huku, vitu vikapotea njiani, medali zikiwemo. Sasa macho yake yanakwisha. Daktari kamwambia ikifika Krismasi atabaki kutofautisha mchana na usiku, basi. Haombi medali, haombi chochote. Angependa tu kumwona baba mara moja, wakati bado kuna cha kuonea.

Kwa hiyo nilitafuta mwenye picha, nikampata mwingine anayetafuta picha. Ndivyo gazeti linavyofanya kazi.

Hata hivyo nimeona faida. Binti halisi, mtu mzima, macho mabovu, amesimama kando ya meza yangu. Majaji watalia mpaka chai iwe na chumvi. Nikamwahidi picha. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtu mwema. Avis akakohoa. Keki ilikuwa nzuri.

Jumanne, 11 Oktoba

Inajulikana kwamba Bi Muriel ana boksi la picha za vikosi vya ndege, na kikosi cha Dowse kimo. Kumwomba haiwezekani. Akijua namtafuta nani, atanitangulia.

Nimekwenda na chupa ya jamu, nikidai nimekuja kuangalia maua yake. Maua yalikuwa yameshaungua kwa baridi. Niliyasifu hivyo hivyo. Alipokwenda kuchemsha maji nikapiga magoti nyuma ya kochi, kamera mkononi, boksi sakafuni. Picha ilikuwa juu kabisa: kikosi kizima, Februari 1918, wamekaa mbele ya ndege, mbwa miguuni. Nikapiga. Paka akapita. Nikapiga tena. Paka akarudi.

Taa ya kamera ilimulika hadi jikoni. Bi Muriel akauliza kutoka huko kama hiyo ni radi. Nikasema ndiyo. Akasema ajabu, na jua lote hili.

Alipoingia alinikuta bado magoti chini. Nikamwambia natafuta miwani. Akaniambia, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba nimeivaa.

Jumapili, 16 Oktoba

Filamu imesafishwa. Paka ametoka vizuri sana. Kikosi kimetoka mara moja.

Sasa elimu. Rubani alishonewa mabawa mawili kifuani, mtazamaji bawa moja. Nimepita na kioo cha kukuzia kifua hadi kifua. Wenye bawa moja ni wanne tu. Wa kwanza kipara. Wa pili hana kidevu. Wa tatu ni kijana mzuri ajabu, masharubu, kofia upande, macho ya mtu aliyezaliwa apewe kikombe. Wa nne hana uso kabisa. Alitikisika picha ilipopigwa, na mahali pa kichwa pametoka ukungu, kama mvuke wa birika. Huyo nimemwondoa mapema. Mtu hawezi kuonyesha mvuke.

Kwa njia ya kisayansi, basi, Dowse ni wa tatu. Avis akauliza kipara ameondolewa na sayansi ipi. Nikamwambia asiingilie mambo ya kitaalamu. Akaondoa viazi mezani bila kuombwa, jambo ambalo si la kawaida yake.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Edith, na picha, pamoja na karatasi fupi ya kutia sahihi: mimi binti yake nathibitisha kwamba huyu ndiye.

Akaisogeza picha dirishani, pua karibu iguse karatasi. Alimtazama yule mzuri kwa muda mrefu. Nikatayarisha kalamu.

Akasema hapana, mwanangu, siye. Huyu kazidi uzuri. Mama alikuwa na wivu wa kuogopesha, huyu asingemruhusu hata kwenda kuchukua maziwa mlangoni. Kisha akauliza, na huyu asiye na kichwa?

Nikamwambia ni kasoro ya karatasi. Bi Edith akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba Ambrose hakuweza kutulia mbele ya kamera. Akiambiwa asitikisike, kicheko kinampanda. Siku ya harusi mpiga picha alimbembeleza, akamkaripia, mwisho akakunja vifaa vyake. Bibi harusi alitoka safi, ameshikana mkono na moshi. Mama akaichana kwa hasira, na baadaye akajuta maisha yake yote.

Nikasema kwa heshima kwamba moshi si ushahidi. Nikamsogezea tena karatasi, nikamweleza kwamba mtu wa tatu angempa baba yake sura nzuri kuliko aliyokuwa nayo, na bure. Akakataa kwa adabu, akanikatia kipande cha pili cha keki. Nilikila. Keki haikuwa na kosa.

Njiani nimeamua. Bibi haoni vizuri, na asiyeona vizuri hawezi kuwa shahidi dhidi yangu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Onyesho. Nilitandika meza mapema: medali juu ya mahameli, picha ya kijana mzuri katika fremu, na kadi yenye maneno "Luteni Dowse, aliyeungua angani 1918, kama familia inavyomkumbuka." Nilisimama kando nikiwa na uso wa huzuni, niliokuwa nimeufanyia mazoezi bafuni.

Hakuna aliyekuja. Watu wote walikuwa upande wa pili, kwa Bi Muriel.

Juu ya meza yake, kubwa kama sinia la chai, ulikuwepo ule mvuke. Aliukuza mwenyewe kutoka picha halisi, katika chumba chake cha giza cha kusafishia picha, zamani ghala la makaa. Na kitini, mbele kabisa, Bi Edith. Avis alikuwa akimmiminia chai. Mke wangu, kwenye meza ya adui. Akaniambia bila aibu kwamba alimpigia Bi Muriel simu juzi, na haikuchukua hata muda wa kuchemsha yai.

Bi Muriel akasema ungeniuliza tu, Cyril. Wale watatu wengine wa bawa moja nawajua kwa majina miaka yote, familia zao zilishanihakikishia. Aliyekuwa akikosa jina ni huyu mmoja. Mimi nilikuwa nakosa jina, wewe unalo, na ukaona bora uzungumze na kochi langu.

Mchungaji Pennell, ambaye ndiye jaji mkuu, akauliza basi kijana wa kwenye fremu yangu ni nani. Ni Mkanada, Bi Muriel akamjibu. Alirudi kwao, akafuga kuku, akafa mzee. Binti zake humtumia Bi Muriel kadi kila Krismasi. Kwa mujibu wa kadi yangu mimi, alikuwa ameungua angani.

Bi Edith alikaa pale mchana kutwa, akizuia watu kupita. Mtu mmoja akamwonea huruma, akasema inasikitisha kwamba hata picha yenyewe haionyeshi uso. Akajibu kwamba siku hizi yeye humwona kila mtu hivi hivi, kwa hiyo baba hana upungufu wowote. Watu wakacheka, kisha wakapanga foleni kumpa mkono. Foleni ilipitia kwenye meza yangu na kuangusha fremu.

Jumapili, 23 Oktoba

Medali hazipo. Avis alimkabidhi Bi Edith jana hiyo hiyo, mbele ya ukumbi mzima, akitangaza kwamba ni zawadi yangu. Mchungaji alinipa mkono. Bi Edith alikuwa akipapasa jina la baba yake ukingoni kwa kidole gumba, na hapakuwa na njia ya kistaarabu ya kuzidai.

Nimelitafakari suala zima kwa utulivu na kosa nimeliona. Nilichagua mwanajeshi mwenye mtoto. Mwakani nitachagua asiyeoa, asiye na ndugu, ikiwezekana kutoka kikosi ambacho picha zake ziliteketea, ili nimchagulie uso kwa nafasi. Avis anauliza kama anaweza kurudishiwa meza. Nimemwambia bado.

Kikombe amekibeba Bi Muriel, na majaji walisema nafasi ya pili ibaki wazi. Washindani tulikuwa wawili. Nimekuwa wa tatu.